Nkuba Yupi?

Kila alasiri, baada ya kumsaidia shangazi yake Severina kuosha vyombo, Regina Nkuba alipita nyuma ya vibanda vya soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, kwenda kituo cha hali ya hewa. Njiani hakukosa kugeuka kutazama mashariki, upande wa bonde la Usangu. Huko ndiko baba yake alikohamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma. Siku alipomwacha kwa shangazi ili asome, alimwambia, "Mvua zikianza, mwanangu, nitakuja kukuona." Mvua zilikuwa zimeanza zamani. Baba hakuja.

Jirani yao, mjomba Sedekia, alikuwa mpima hali ya hewa. Aliwahi kuja shuleni akawaeleza wanafunzi habari za setilaiti, chombo kinachozunguka dunia na kupiga picha za mawingu. Katika picha za usiku, alisema, wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wameanza kuona hata mimweko ya radi. Huenda siku moja jicho hilo la juu likawaonya watu kabla dhoruba haijawafikia.

Regina aliuliza, kwa sauti ya chini, kama jicho hilo lingeweza kumwona mtu mmoja na ng'ombe wake.

"Litamkosaje?" mwenzake Asukile alidakia. "Si baba yako ndiye radi mwenyewe?"

Darasa zima likacheka, maana wote walijua kwamba kwa Kisukuma nkuba ni radi.

Mbeya haikuwa na picha hizo bado. Ilitegemea masikio ya watu. Kila alasiri Mzee Budeba, mlinzi wa shamba la mpunga kule Usangu, aliita kwa simu ya upepo kusema kama amesikia ngurumo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo Regina, aliyejua Kisukuma, ndiye aliyemsikiliza.

Jumamosi moja simu ilikwaruza kuliko siku zote. Katikati ya makelele akaisikia sauti ya mzee: "Nkuba anakuja huko. Leo." Kisha ikapotea.

Mjomba Sedekia akauliza kuna habari gani.

"Baba yangu anakuja," alisema Regina.

"Na radi je?"

"Hakusema."

Neno hilo lilipomtoka, kitu kikamchoma moyoni. Alijua kwamba radi ikikaribia, simu ya upepo hukwaruza. Tena kwa Mzee Budeba kila kitu kilikuwa "anakuja": mvua anakuja, lori anakuja. Lakini alikuwa amemngoja baba kwa muda mrefu mno. Akalifunika wazo hilo, akaomba ruhusa kwenda stendi.

Mjomba Sedekia naye akampelekea habari mwalimu Kalinga, aliyetaka kuwapeleka wanafunzi kilimani siku hiyo, kwamba hakuna tatizo la radi. Wanafunzi wakachukua majembe, wakapanda kilimani kupanda miti.

Basi la kutoka Chimala likaingia. Akashuka mama mwenye kuku, wakashuka vijana wawili, akashuka mzee aliyevaa kofia kama ya baba. Alipogeuka, hakuwa baba. Nyuma ya basi, mashariki, wingu jeusi lilikuwa limetuna, na tumboni mwake mwanga ulimeta.

Regina alisimama. Akibaki hapo, baba bado angeweza kuwa njiani. Akienda kusema, atakuwa ameungama kwa kinywa chake mwenyewe kwamba haji. Machozi yakamjaa. Akakimbia.

Mjomba Sedekia hakumwuliza mengi. Alirukia baiskeli yake kwenda kuwarudisha wanafunzi. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuingia darasani, wamelowa, radi ilipoupiga mkaratusi wa kule kilimani walikoegemeza majembe yao. Asukile aliutazama moshi wa mti ule dirishani.

Jioni Regina alieleza yote, akiinamisha kichwa. Mjomba Sedekia akamwambia:

"Kumtamani baba si kosa, mwanangu. Kosa ni kuyaacha matamanio yasikie badala ya masikio. Hata likija hilo jicho la juu, litahitaji mtu wa kusema kweli lilichokiona. Usipokuwa na hakika, uliza. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo: rudi mbio."

Kisha akamtumia Mzee Budeba ujumbe mmoja.

Jumatatu simu iliita. Hali ya hewa ilikuwa shwari, na sauti ikaja safi, nzito kidogo, kama ya mtu asiyezoea kuongea na chombo.

"Nkuba hapa."

Regina alishika meza. Safari hii aliuliza.

"Nkuba yupi? Anayenguruma au anayechunga?"

Kule Usangu mtu alicheka, kicheko ambacho Regina angekitambua popote duniani.

"Anayechunga, mwanangu. Mto umejaa, njia imekatika. Maji yakipungua, nakuja."

Mjomba Sedekia akatoka nje taratibu, akaufunga mlango.