Nani Anakata Nyasi za Memsabu?

Jua lilikuwa linazama nyuma ya msitu wa miti ya miwati nilipotoka kuanua mashuka. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mwaka 1954. Mimi nilikuwa dobi katika nyumba ya wageni ya Memsabu, kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya. Wazungu wenye mashamba walikuja pale kupiga mahema, kuvua samaki mtoni na kuota moto.

Jioni ile Memsabu aliniambia nisiyakunje mashuka makuukuu. Niyapeleke bandani kwa nyapara.

"Ya nini, Memsabu?"

"Ya pepo," akasema, akacheka.

Kumbe kwao, usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu hufanya mchezo wa kutishana. Memsabu alikuwa amewaalika wageni pamoja na watoto wao. Gari la ng'ombe lingejazwa nyasi kavu, watoto wakae juu yake, wazungushwe msituni giza linapoingia. Njiani watu waliovaa mashuka wangewatokea. Maboga yangetobolewa macho na meno, na mshumaa kuwekwa ndani.

Mimi nilikuwa bado nimevaa kaniki ya msiba. Mume wangu, Danieli, ndiye aliyekuwa akiendesha gari lile la ng'ombe. Tulimzika wakati wa baridi ya mwaka uleule. Sikuupenda mchezo wa Memsabu. Nikaweka mashuka kichwani, nikaenda.

Banda lilinukia nyasi mpya. Nilisimama mlangoni nikashangaa. Matita ya nyasi yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa. Juzi palikuwa na lundo dogo tu, tena vibarua wote walikuwa wamerudi kwao kutayarisha mashamba kabla ya mvua. Mchana sikuwa nimemwona hata mtu mmoja akikata nyasi.

Nikaweka mashuka chini, nikashika tita moja.

Tita hufungwa kwa kamba ya nyasi zenyewe. Watu wa kwetu huisokota kamba hiyo kuelekea kulia, kisha ncha yake wanaichomeka juu. Danieli alikuwa wa mkono wa kushoto. Yake ilielekea kushoto, na ncha aliichomeka chini. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba matita yake yamelewa.

Tita nililoshika lilisokotwa kushoto. Nikashika jingine.

Kushoto.

Nikavuta jingine kutoka nyuma, nikapapasa ncha kwa kidole. Ilikuwa imechomekwa chini.

"Kamwene, shemeji."

Niliruka. Alikuwa Liberatus, nyapara. Aliniita shemeji kwa sababu yeye na Danieli walikuwa marafiki tangu ujana.

"Umenishtua," nikasema.

"Hata mashuka hatujavaa, umeshashtuka! Memsabu atafurahi sana." Akacheka. "Ajabu ya Wazungu hawa. Wanatafuta cha kuwatisha. Sisi tunatishwa bure kila siku."

Sikucheka. "Nani anakata nyasi hizi, Liberatus?"

"Vibarua."

"Vibarua gani? Wote wamekwenda kwao."

"Wangu wapya. Wageni. Hawapendi jua, wanakata usiku."

"Na nani amewafundisha kufunga hivi?"

Akalitazama tita mkononi mwangu.

"Danieli alinifundisha mimi, mimi nikawafundisha wao," akasema. "Au mtu akifa, na fundo lake lizikwe?"

"Basi nifungie moja nione."

"Shemeji, na wewe!"

"Nifungie."

Akachukua nyasi, akaanza kusokota huku akitabasamu. Nilitazama mikono yake. Kamba ilikwenda kulia. Ncha akaichomeka juu. Akaliangalia tita lake, tabasamu likaondoka, akalitupa gizani.

"Mikono imechoka," akasema.

Nilikwenda jikoni. Yudith, mpishi, alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza. Aliacha kisu, akafunga mlango.

"Mimi nina langu," akanong'ona. "Pumba za mahindi zinaisha. Liberatus anabeba ndoo nzima kila jioni. Nikimwuliza, anasema ni za kuku."

"Huenda ni za kuku kweli."

"Kuku gani, dada? Memsabu ana kuku wachache na jogoo wao mzee asiyeona vizuri. Hata wangekula na ndoo yenyewe, wasingemaliza."

Hakuna aliyetaka kulisema neno lile. Kwetu husemwa kwamba mchawi akimtaka mtu wa kumfanyia kazi, humfanya aonekane amekufa. Mnalia, mnazika, kumbe mmezika gogo la mgomba. Mtu mwenyewe amefichwa. Hukatwa ulimi asiseme, hulishwa pumba, na usiku hufanya kazi za bwana wake. Huyo ndiye msukule.

Padre alitukataza kuamini habari hizo, na mimi sikuziamini. Nilifundishwa misheni kusoma, kuandika na kusali. Lakini Danieli alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akaanguka katika banda lilelile. Liberatus ndiye aliyemleta, na ndiye aliyehimiza tuzike siku ileile. Nilipomvisha rozari mkononi, vidole vyake vilikuwa laini. Vilijikunja juu ya vidole vyangu kama vya mtu anayesinzia. Nilisema, "Hajakauka." Wakaniondoa, wakasema ni uchungu unaonisumbua.

Tangu jioni ile ya mashuka, nilitaka kujua jambo moja tu. Mume wangu amekufa, au hajafa?

Kesho yake Memsabu alitaka kujaribu mchezo kabla ya wageni kufika. Jua lilikuwa limeshazama, lakini mtu bado aliweza kuona njia. Gari lilikuwa limejaa nyasi. Memsabu alipanda mbele, akatuita mimi na Yudith.

"Tekla, wewe kaa hapa. Leo wewe iko toto ya mgeni. Kama naogopa, sema. Kama hapana ogopa, sema."

Liberatus alishika mjeledi, akatembea kando ya maksai. Wa mbele aliitwa Kapteni. Danieli alimlea tangu ndama. Baada ya mazishi Kapteni alikuwa mkali, akikataa kuguswa na mtu, na hata Liberatus alimfunga nira kwa taabu.

Tukafika kwenye boga la kwanza. Macho yake yaliwaka mekundu. Abrahamu, msaidizi wa jikoni, akaruka kutoka nyuma ya kichaka akipiga kelele. Akakanyaga shuka lake, akaanguka kifudifudi.

"Pepo huyu amevaa viatu vya jikoni!" Yudith akapaza sauti.

"Nyamaza wewe, niko kazini!" Abrahamu akajibu akiwa chini.

Memsabu alicheka mpaka akashika tumbo. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha tukaingia kwenye miwati.

Mle giza lilikuwa zito. Magurudumu yalilia kidogo, kisha hata sauti yake ikawa kama imefunikwa. Nikasikia harufu. Si nyasi. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa… na pumba zilizolowa maji.

Yudith akanishika mkono. "Unasikia?" akanong'ona.

Maksai wakasimama.

Liberatus hakuwa amewasimamisha. Wenyewe walisimama.

Mbele yetu, kati ya miti miwili, palikuwa na mtu amefunikwa shuka mpaka magotini. Hakuruka. Hakupiga kelele. Alisimama tu. Miguu yake ilikuwa mitupu, ina matope, na mbegu za nyasi zimegandamana nayo.

Akatoa mkono mmoja nje ya shuka, kiganja juu.

Mkono wa kushoto.

Kapteni akaenda kwake polepole, akilivuta gari zima. Akainamisha pembe. Akaanza kukilamba kile kiganja, kama alivyokuwa akilamba chumvi katika kiganja cha Danieli.

Memsabu akapiga makofi. "Huyu mzuri sana! Hapana ruka, hapana kelele. Nani huyu?"

"Kibarua wangu, Memsabu," Liberatus akasema. "Mgeni. Ni bubu."

Nikashuka kutoka garini. Sikumbuki niliwaza nini. Nakumbuka nyasi kavu zikinichoma miguu.

"Shemeji, rudi juu," Liberatus akasema kwa sauti ya chini.

"Nataka kumwona uso."

"Utaharibu mchezo wa Memsabu."

"Nataka kumwona."

Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake sikioni. "Haya, funua. Ukimkuta ni Msangu maskini anayejitafutia riziki, utaaibika mbele ya watu. Na ukimkuta ni mwingine… utampeleka wapi? Utamlaza kitanda kipi? Utamwambia padre nini?"

Nikashika pindo la shuka. Nililijua shuka lile. Nilikuwa nimelifua mwenyewe, nikalishona kiraka kwa uzi mweupe. Kitambaa kilikuwa kinakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mahali pa mdomo.

Mkono wangu ukakataa kupanda.

Kila jioni, kabla ya kulala, mimi na Danieli tulisali rozari. Mimi nilianza, yeye alijibu. Ndivyo tulivyofanya tangu siku tuliyofunga ndoa. Sasa mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Salamu Maria, umejaa neema…"

"Shemeji!" Liberatus akanikamata bega. Sikugeuka. Nilisali polepole mpaka mwisho wa sehemu yangu. Kisha nikanyamaza, mahali palepale nilipokuwa nikimwachia yeye.

Kimya.

Hata Memsabu aliacha kucheka.

Kisha… chini ya shuka…

Mm. Mm-mm. Mm.

Hayakuwa maneno. Ilikuwa sauti inayotoka kooni tu. Lakini ilipanda palipopaswa kupanda, na ilishuka palipopaswa kushuka. Na kabla ya mahali panaposema "saa ya kufa kwetu", ikasita, ikavuta pumzi.

Danieli alivuta pumzi hapo. Kila siku.

Liberatus alipiga mjeledi. Kapteni akalia, gari likaruka mbele, Yudith akapiga ukelele. Mtu alinisukuma, sijui ni nani, nikaanguka pembeni ya njia. Nilipoinuka, Abrahamu alikuwa anakuja mbio na taa. Kati ya miti ile miwili hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa chini.

Nikaliokota. Lilikuwa bado lina joto.

Asubuhi Liberatus hakuonekana kazini. Wapo waliosema walimwona alfajiri barabarani, akielekea Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, huku watu wakimfuata kwa mstari bila kuzungumza. Wengine walisema alikuwa peke yake. Mchezo wa Memsabu ulifanyika hata hivyo. Watoto wa wageni walipiga kelele kwa furaha. Memsabu alinung'unika tu kwamba pepo wake mzuri kuliko wote ametoroka.

Mimi nilikwenda misheni kwa padre. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema bubu anayekwenda kanisani huzoea mlio wa sala, hata kama hawezi kutamka. Akasema ng'ombe hulamba mkono wowote wenye jasho, na watu wa mkono wa kushoto ni wengi. Yote aliyosema yanaweza kuwa kweli. Niliitikia kwa kichwa.

"Basi, Padre," nikasema, "tulifukue kaburi tuone."

Akaangalia mikono yake.

"Na tukilikuta tupu, binti yangu," akasema, "utafanya nini?"

Nilitoka pale nina hofu zaidi kuliko nilivyoingia. Lilikuwa swali lilelile la Liberatus.

Siku ya Marehemu Wote kanisa lilijaa. Baada ya Misa, katekista Tadeo alitwambia kila mmoja asimame kwa zamu, ataje kwa sauti jina la marehemu wake, nasi sote tumwombee. Yudith alimtaja mwanawe mdogo. Mzee mmoja alitaja wake zake wote wawili, akalia.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama. Watu waliniangalia kwa huruma, maana walijua msiba wangu ni mpya, na tayari walikuwa wamefungua midomo kuitikia.

Nikamtaja baba yangu. Nikamtaja mama yangu.

Kisha nikaketi.

Yudith aligeuka kunitazama. Katekista naye alisubiri, akidhani ni machozi yamenizuia. Hayakuwa machozi. Mlango wa kanisa nyuma yetu ulikuwa wazi, na miwati ilionekana mpaka kilimani. Niliogopa kwamba nikilitaja jina la Danieli kwa sauti, mtu huko nje ataitika.