Shimo la Mama Kerehda

Mama Kerehda alipiga mwayo, na kinywa chake kikanuka mashelisheli ya shimoni. Rosihna, bintiye, akakunja pua. Tangu baba azikwe, nyumba ile ya wilayani Kitti haikuwa imeonja mashelisheli yaliyovundikwa.

"Wewe ni binti wa nani?" mama akauliza, akitabasamu.

"Wako, mama. Rosihna."

"Aah." Akajilamba midomo, kama aliyeonjeshwa kitu kisha akanyang'anywa.

Alianza kumsahau mumewe, wakafuata dada zake. Sasa ilikuwa zamu ya wanawe. Melsohr, kaka mtu, aliketi barazani na kifuu chake cha sakau, kinywaji cha mizizi kinacholevya, macho yamelegea.

"Uzee huo, dada. Kichwa kikijaa, kinamwagika."

"Na majani ya shimo ulibadilisha?"

"Niliweka mapya."

"Ya zamani uliyatoa?"

Melsohr akacheka. "Nani atie mkono mle? Nilitandika juu yake tu."

Ndivyo walivyo watu wa aina hii: uvivu wao huuita uzee wa mwenzao. Rosihna aliujua mwiko wa ukoo. Majani yaliyooza hutolewa, donge la mashelisheli likageuzwa, huku ndugu wote wakitajwa, wafu na walio hai; jina lisilogeuzwa huvunda, na uvundo humwita mlaji, anayekula majina kwanza, kisha wenye majina.

Alasiri ileile Rosihna akalifukua shimo. Akatoa majani mabichi, kisha yale meusi yaliyomnata vidoleni kama ngozi ya maiti, na chini yake, katikati ya donge la manjano lililokuwa likipanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala, akaona ulimi mnene wenye vinyweleo, ukilamba taratibu, ukinong'ona kwa sauti ya mama yake, na kila ulipotaja jina ulilimeza kidogo: Rosihna, Rosih, Ro.

Kisha akaukata ulimi kwa panga, akachota donge lililokuwa bado vuguvugu, akakimbia nalo ndani ili mama arudishiwe majina yaliyomezwa.

"Unamlisha nini mama?" Melsohr akanong'ona.

"Nyamaza. Wewe si hutaki kuchafua mikono?"

Mama akala. Akalamba hata vidole vya bintiye. Macho yake yakang'aa.

"Rosihna wangu. Kitindamimba wangu."

Rosihna akaanguka mapajani pake, akalia. Mama akaziinamia nywele zake, akazinusa, akavuta pumzi ndefu.

"Sasa nakukumbuka vizuri," akasema. "Baba yako alikuwa mchungu. Wewe ndiwe uliyekuwa mtamu."