Picha za Kijapani za Somo Mwatum

Jana mwanamme wa pichani alikuwa kamwinamia mkewe. Leo kageuza uso, anamtazama Wanu, mwari anayefundwa.

Bi Mwatum aliliona hilo. Yeye ni somo, ndiye anayewafunda wari wa Malindi mambo ya ndoa. Mumewe Jaku, mchukuzi wa bandarini, alizikuta picha zile zimetumiwa kufungia bakuli za Kijapani: mume na mke, nguo zimewavuka, wamepigwa chapa kwa mbao, rangi zinashinda kanga za sikukuu. Jaku aliona haya hata kuzishika. Bi Mwatum akacheka, akazitundika chumbani anamofundia.

"Haya ya nini? Tazama uso wa mke ulivyoridhika. Hilo ndilo ninalofundisha miye."

Wanu alibakisha siku mbili aolewe na Muhiddin, kipenzi chake. Alasiri ile anasingwa mwili kwa manukato, chumba kikanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma, kisha mkeka ukaanza kubonyea, hatua moja, nyingine, nyayo za mtu mzito asiyeonekana, zikampita Bi Mwatum, zikampita mama mtu, mpaka zikafika pale alipolala Wanu, na mdomo wa Wanu ukafunguka ukatoa sauti ya kiume.

"Huyu mke wangu. Muhiddin akimgusa, namuua."

Mama yake, Bi Sichana, akamshika Bi Mwatum mkono. "Mwatum, zichome hizo picha," alinong'ona. "N'nakuomba!"

"Sichomi ng'o! Picha hazina kosa. Mwenye kosa ni huyu aliyeingia bila hodi."

Bi Mwatum naye aliogopa. Lakini alikuwa na hasira zaidi.

"We! Umekaa humu siku ngapi?"

"Tano," jini likajigamba.

"Na mafundisho yangu umeyaona?"

"Yote!"

"Ehee! Anayeyaona ya ndani, awe nani, keshakuwa mwari wangu. Somo hajibiwi, somo hainuliwi macho. Unalijua hilo au hulijui?"

Bi Mwatum akapiga hatua mbele.

"Na la kwanza ninalofunda: mke akikataa, hashikwi. Wanu mwanangu, unamtaka?"

Wanu alitokwa na jasho, akapigana na ulimi wake mwenyewe. "Si... simtaki!"

"Umesikia? Mwachie!"

Wanu akapiga chafya, akaomba maji. Ijumaa akaolewa, mzima, anacheka.

Jumamosi asubuhi Bi Mwatum alikuwa peke yake uani. Akafunga kanga kiunoni, akaita kwa ukali, "Mwari!"

"Naam, somo," sauti nzito ikaitika nyuma ya sikio lake.

Nywele zilimsimama. Hakugeuka.

"Chota maji."

Ndoo ikajiinua, ikashuka kisimani.