Waliolala kwa Mzee Uweso

Baada ya uji wa saa nne, darasa la sita la shule moja ya Ngamiani huwa na somo la historia. Siku moja Mwalimu Dorkasi aligawa nakala za sensa ya zamani ya mtaa wao.

"Tazameni paa, vyumba na kazi za watu," alisema. "Kesho mtatueleza nani alikuwa tajiri, nani wa kati, nani maskini."

Mwanafunzi mmoja, Shadya, akaona jina la Mzee Uweso, baba wa bibi yake. Chini yake majina yamejaza ukurasa, na wengi wameandikiwa: hana undugu, mchukuzi.

"Watumishi wote hawa! Tulikuwa matajiri!" Akamgeukia rafiki yake, Nasri. "Na huyu Mwinyijuma si babu yenu? Kumbe mlitutumikia!"

Darasa likacheka. Nasri akahamia dawati la nyuma.

Jioni Shadya alimsimulia bibi yake, Bibi Tausi, aliyekuwa akikuna nazi.

"Kitendawili!" bibi akasema.

"Tega."

"Wamejaa kwangu, si ndugu, si wapangaji, wala siwalipi."

"Watumishi?"

"Watumishi wasiolipwa, wee? Nipe mji!"

"Chukua Horohoro."

"Nimekwenda Horohoro, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni watu wa matanga! Bibi yangu alikuwa amefariki, majirani wakalala kwetu mikekani. Sensa ikamwandika kila mtu pale alipolala usiku huo. Mwinyijuma ndiye aliyechimba kaburi."

Shadya akautazama tena ukurasa. Mtaa mzima ulikuwa umelala pale, bega kwa bega. Na yule aliyewakusanya hakuwamo, maana maiti hahesabiwi.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa.

"Nilikosea. Paa letu limeandikwa makuti, nami sikulitazama. Hatukuwa matajiri. Wale walikuja kutufariji. Nasri, babu yenu alimchimbia kaburi bibi wa bibi yangu. Niwie radhi, ndugu yangu."

Kisha Nasri akatabasamu. "Kumbe na nyinyi wa makuti!"

Akachukua chaki, akaandika ubaoni: Mwinyijuma, jirani.

Mwalimu Dorkasi hakuyafuta maneno hayo. "Sensa hutuonyesha nani alikuwa na bati na nani makuti," alisema taratibu. "Nani alikuja siku ya msiba, haisemi. Basi wanangu, kabla ya kumweka mtu juu au chini, someni hadi mwisho, kisha waulizeni waliokuwepo."