Maji Yaliyopikwa na Mlima

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuteka maji ya ziwa, kuyachemsha, kisha kujaza chupa ya mdogo wangu Samy. Mwaka huo wa 2002, moto wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulikuwa umeshuka Goma hadi ndani ya ziwa. Nyumba yetu iliungua, lakini sote tulitoka wazima. Mama alimshukuru Mungu hata alipokuwa akichambua maharage ya kupewa.

Karibu na pale moto ulipoingia, maji yalikuwa vuguvugu. Wanawake walifua hapo wakicheka, "Mlima umetupikia!" Nami, mvivu wa kupuliza makaa, nikajisemea: basi, yameshapikwa. Nikajaza chupa.

"Umechemsha, Uwitonze?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Siku ya tatu Samy aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Tulikimbia naye kwenye hema la wagonjwa. Muuguzi, Mama Kaswera, alitupa pakiti ya dawa ya chumvi na sukari.

"Changanya na maji safi, anywe sasa hivi."

Mama akatoa chupa yetu. "Haya ni safi. Mutoto wangu ameyachemsha mwenyewe."

Alisema kwa fahari, jamani! Alipoanza kumimina, sikuweza tena.

"Mama, usimpe! Nilidanganya. Niliyateka kwenye joto la volkano, sikuyachemsha."

Mama aliiweka chupa chini, akamkumbatia Samy. Afadhali angenipiga. Mama Kaswera aliyamwaga, akaleta mengine.

"Lakini yalikuwa na joto," nikalia.

"Vuguvugu si kuchemka, mwanangu," muuguzi akasema. " Vijidudu vya ziwa vimezoea baridi. Joto likipanda polepole, vingi vinakufa, lakini vichache vinavyovumilia vinabaki na kuzaana. Watoto wao wanazaliwa wakiliweza joto lile. Maji yakitokota, hapo havina nafasi ya kuzoea."

Kesho yake Samy alilia akidai uji. Sijawahi kufurahia kilio namna ile! Nilimshika Mama Kaswera mikono yote miwili, nikamwambia asante mpaka akacheka.

"Mimi nilitoa dawa tu," akasema. "Ukweli wako ndio uliomwokoa. Siku nyingine usiucheleweshe."

Tuliporudi, Mama alinipa chupa ileile, tupu.

"Nenda ukachemshe."

Nilipuliza makaa mpaka machozi yakanitoka, nikasubiri maji yatokote. Nilikuwa na shukrani tele moyoni, kwa sababu Mama hakuja kuchungulia kama kweli nayachemsha.