Mkono wa Nywele, Mkono wa Nyama

Kila asubuhi ya msimu wa kuwinda havelina mambo yalikwenda vilevile. Baba aliwasha jiko la gesi na kubandika kahawa. Binamu yangu Chano alitafuta soksi yake ya pili. Shangazi Ramona alitoka hemani, akachota majivu ya moto wa jana kwa vidole viwili, akayaachia hewani ili aone upepo unaelekea wapi. Mwaka ule aliongeza jambo moja: alipiga chafya. Mafua yalimshika siku ya pili, na kufikia siku ya tisa alikuwa amemaliza leso zake zote na mbili za Baba.

"Upepo unatoka bondeni," alisema kwa sauti ya puani. "Delfina, leo ni zamu yako. Maliza uji twende."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya uwindaji na kufaulu mtihani, na kibali changu cha kwanza kilikuwa mfukoni. Nilikigusa mara nyingi hadi pembe zake zikalegea. Kila mwindaji ana kibali kimoja, na kibali kimoja ni mnyama mmoja. Baba alikwisha kupata wake. Rafiki yake Teo, fundi wa magari, naye alipata. Shangazi alipata siku ya kwanza, kama kawaida yake. Tulibaki mimi na Chano, na msimu ulikuwa umebakiza siku mbili.

Watu wa mjini humwita havelina nguruwe. Si nguruwe, ingawa ana pua kama ya nguruwe, manyoya magumu ya kijivu na ukosi mweupe shingoni. Husema pia kwamba nyama yake inanuka na haifai ila kwa mbwa. Huo ni uzushi wa watu wasiojua kuchuna. Juu ya mgongo, karibu na mkia, havelina ana tezi yenye mafuta yanayonuka kuliko kicheche. Ukiigusa tezi hiyo au manyoya, kisha ukashika nyama, umeiharibu wewe mwenyewe, halafu unamsingizia mnyama.

Shangazi Ramona hakuwahi kuharibu hata kipande. Mkono wake wa kushoto aliufunga kitambaa chekundu. Huo aliuita mkono wa nywele, nao ulishika ngozi tu. Wa kulia ulikuwa mkono wa nyama, nao ulishika kisu na nyama tu. Mikono hiyo haikukutana mpaka kazi iishe. Siku moja niliona nzi ametua juu ya jicho lake, naye akaendelea kuchuna bila kujipangusa. Ngozi ilivuliwa kama sweta, na tezi ikatoka nayo bila kuguswa. Nilimtazama tangu nikiwa mdogo, na sikutaka kuwa mtu mwingine yeyote duniani.

Tatizo langu lilikuwa moja tu. Mimi ni mashoto.

"Mashoto akishika kisu, tusimame mbali," Chano alipenda kusema. "Atatuchuna sisi, amwache havelina." Chano alikuwa na miaka kumi na minne na alijiona mzee.

Vilima tulivyowindia viko kusini mwa Arizona, karibu na mpaka wa Meksiko, katika shamba la ng'ombe la Mzee Anselmo. Mzee huyo hakutaka malipo. Alichotaka ni chungu kimoja cha nyama ya havelina, siku ya mwisho ya msimu, kilichopikwa na Shangazi kwa pilipili nyekundu kavu na vitunguu saumu. Nyama ya wote ilitiwa katika chungu hicho kimoja. Mzee alikuja na chapati zake mwenyewe, akala, na kila mwaka alisema maneno yaleyale: kwamba marehemu mkewe hakuruhusu havelina aingie jikoni mwake hadi alipoonja chungu cha Ramona. Miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata kipande kimoja kilichowahi kunuka. Shangazi akisikia hayo aliinamisha kichwa, lakini masikio yake yalikuwa yakicheka.

Asubuhi ile tulikaa juu ya kilima tukitazama kwa darubini upande wa pili, ambako jua lilianza kupasha joto mteremko. Havelina hapendi baridi. Shangazi ndiye aliyewaona: saba, wakitafuna mipungate na miiba yake yote, kana kwamba wanatafuna matango.

"Hawaoni mbali," alininong'oneza, "lakini pua zao zinaona mpaka jana. Nifuate. Nikisimama, simama."

Tulitambaa saa nzima. Alikuwa na miaka hamsini na minane na mafua kifuani, lakini hakuna jiwe lililobiringika chini ya buti zake. Chafya ilipomjia, aliuma mkono wa koti lake mpaka ikapita na machozi yakamtoka. Nilimpenda sana wakati ule. Tulipofika hatua sitini kutoka kwao, akanigusa bega. Nilishusha pumzi kama alivyonifundisha, nikafyatua. Mmoja akaanguka papo hapo, na wengine wakatawanyika wakigonganisha meno.

Shangazi hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ubavu wa yule mnyama. Nami nikafanya hivyo. Kisha nikafunga kibali changu mguuni mwa mnyama.

Tulikuwa tumemtundika kwenye mti wa miiba wakati mlio wa bunduki uliposikika ng'ambo ya korongo, na baada yake sauti ya Chano ikiita.

"Amepata, naye yuko peke yake na baba yako yuko mbali," Shangazi alisema. Alichukua bunduki, akanifungia kitambaa chekundu mkono wa kushoto, akanikabidhi kisu chake chenye mpini mweupe. "Umeniona nikichuna mara mia. Jua linapanda, nyama haiwezi kusubiri. Anza. Mikono yako naiamini."

Nilianza vizuri. Lakini mkono wangu wa kulia haujui hata kuchora mstari, sembuse kuchuna. Kisu kilikwama, kikateleza. Nzi walikuja. Nilimkumbuka Chano na maneno yake, nikaona aibu mapema kabla hajafika. Basi nikahamishia kisu mkono wa kushoto, ule ule wenye kitambaa. Ghafla kazi ikawa nyepesi, nikafurahi, nikaenda haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyonifikisha mgongoni. Kisu kikazama mahali palipokuwa laini kupita kiasi, na harufu ikanipanda kichwani.

Nilipaswa kusimama. Nilifuta kisu kwenye suruali, nikaendelea. Nilikata mapaja kwa kisu kilekile. Nilishika mabega kwa mikono yote miwili, kwa kuwa sikukumbuka tena upi ni upi.

Shangazi aliporudi na Chano, nyama ilikuwa tayari katika mfuko wa kitambaa ulioandikwa jina langu, na ngozi iko kando. Alizunguka ule mti akikagua kazi.

"Umemaliza peke yako," alisema, akanivuta kifuani kwake. "Mama yangu angekuwepo aone."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Kisu nilikirudisha kwenye mfuko wa visu.

Alasiri kambini, Chano alinisogelea akikunja pua. "Mbona unanuka hivyo, we? Umelala na havelina?"

"Nilishika ngozi," nilijibu. "Wewe hukushika?"

"Nilishika, lakini nimenawa."

Nami nilikuwa nimenawa mara nne, kwa sabuni, kwa majivu, na kwa ndimu ya Teo. Nikaenda kunawa mara ya tano.

Asubuhi ya siku ya kumi chungu kilikuwa juu ya moto mapema. Baba alimenya vitunguu huku akilia machozi. Teo alitandaza mfuko wa nyama ya Chano juu ya ubao na kutafuta kisu. Shangazi alikuwa amesimama kando ya chungu, amejifunga shuka mabegani, pua imeziba kabisa.

"Nyama ya Delfina itaingia kwanza," alitangaza. "Ni heshima ya mwindaji mpya." Alifungua mfuko wangu, akasogeza uso, akavuta hewa, akatikisa kichwa. "Bure. Siku nane sasa, sisikii harufu ya kitu, hata kahawa. Delfina, leo wewe ndiye pua yangu. Nyama yako ni safi?"

Wote walinitazama kwa furaha. Hilo ndilo lililonishinda, ile furaha yao.

"Safi," nilisema.

Hakuuliza tena. Hakumwita Baba aje kunusa. Alichukua paja kwa mikono yote miwili, akaliinua juu ya chungu. Wakati huohuo nikamwona Teo ametoa kisu kutoka mfuko wa visu, nacho kilikuwa chenye mpini mweupe, na anakishusha juu ya nyama ya Chano.

"Teo, acha," nilisema. "Shangazi, usitie."

Niliushika mkono wake. Paja lilibaki hewani kati yetu.

"Si safi. Nilipasua tezi. Nikafuta kisu kwenye suruali, nikaendelea kukata nacho. Ndicho hicho alichoshika Teo."

Teo alikirudisha kisu mezani polepole. Chano alianza kucheka, akautazama uso wa Shangazi, akaacha. Baba aliweka kitunguu chini.

Shangazi alirudisha paja mfukoni.

"Kisu kimegusa nyama ya mwingine?" aliuliza.

"Bado. Nyama yangu tu."

"Una hakika? Fikiri kwanza."

Nilifikiri. "Nina hakika."

"Basi Teo, chukua kisu kingine. Hicho kitachemshwa." Alitia nyama ya wengine chunguni, kipande kwa kipande, kisha akanigeukia. "Sasa lete mfuko wako. Tutaona kama kuna cha kuokoa."

Tulikaa saa mbili juu ya jiwe bapa, mimi na yeye. Nilikata tabaka la nje la kila kipande, nikanawa, nikanusa, nikakata tena. Mabega yalikwenda yote kwa mbwa wa Mzee Anselmo. Ndani ya mapaja palikuwa na nyama nyekundu, nzuri, isiyo na harufu, nayo ilijaa bakuli moja, ambalo Shangazi aliliweka kando, nje ya chungu. Bakuli moja kutoka kwa mnyama mzima. Nililia kwa ajili ya yule mnyama, kwa kuwa alistahili mikono bora kuliko yangu.

"Lia," Shangazi alisema. "Lakini usiache kukata."

Adhuhuri Mzee Anselmo alifika na gari lake kuukuu, chapati zimefungwa taulo. Aliketi, akachovya, akatafuna akiwa amefumba macho. Sote tulimngoja.

"Miaka thelathini na miwili," alisema hatimaye, "na haijanuka." Kisha akanitazama. "Naambiwa binti huyu amepata wake wa kwanza. Kipande chake ni kipi?"

Shangazi na Baba walinigeukia. Nikajua wananiachia mimi.

"Hakimo, Mzee," nilisema. "Niliiharibu nyama yangu kwa kisu. Nilikaribia kuharibu na hii."

Mzee alichovya tena chapati. "Na nani aligundua?"

"Hakuna aliyegundua," Shangazi alisema. "Amesema mwenyewe, nyama ikiwa juu ya chungu."

"Kumbe ndiyo maana nakula vizuri leo," Mzee akasema, akaninyooshea chapati.

Baada ya chakula Shangazi aliniita pembeni. Alitoa kile kitambaa chekundu, kimefuliwa.

"Kuna kosa lako na kuna langu," alisema. "Langu ni kwamba nilimfundisha mashoto kuchuna kama mimi. Nilikuona ukitumia kijiko kwa mkono huo tangu unaota meno, na sikufikiri. Leta mkono." Alikifunga kwenye mkono wangu wa kulia. "Kuanzia leo huu ndio wako wa nywele. Wa kushoto ni wa nyama. Kosa lako unalijua?"

"Nilipasua tezi."

"Hapana. Tezi hata mimi niliwahi kupasua, nikiwa mkubwa kuliko wewe, na mama yangu alinifanya nikate nyama siku nzima, kama nilivyokufanya wewe ukate leo. Kosa lako ni neno moja ulilosema pale kwenye chungu. Mtu hana pua ya kutosha kunusa kila kitu, Delfina. Hana macho ya kutosha. Sehemu kubwa ya maisha yake anamuuliza mwenzake na kulila jibu. Mwenzako akikuuliza, umekuwa pua yake. Mpe jibu ambalo ungetaka kulila wewe." Akapiga chafya. "Na uliponishika mkono, ulinirudishia pua yangu. Hilo nalo silisahau."

Mwaka uliofuata nilipata havelina wangu siku ya nne. Nilimchuna peke yangu, kitambaa kikiwa mkono wa kulia, taratibu, na nzi wakatua walivyotaka. Siku ya mwisho nilipeleka mfuko wangu kwenye chungu mbele ya watu wote. Shangazi Ramona hakuwa na mafua mwaka ule. Pua yake ilikuwa nzima kabisa.

Hakuinamisha uso kunusa. Aliuliza tu, "Safi?"

"Safi," nilisema, naye akatia.