Muntu wa Nane ku Meza ya Karamu

Kila mwaka, mvua ikikatika, Mama Anastasie alikuwa anatoa kitambaa chake cha amerikani mu sanduku na kukianika ku jua. Mita sita, nyeupe pe, haijaguswa na sabuni. Jirani wote wa Nyamitaba tulijua ni ya nini. "Njo nguo yangu ya kuondokea," alikuwa anatuambia, anacheka na meno yake mbili. "Nimelima maharagi miaka tatu juu ya kuinunua. Musinizike na mukeka kama muntu asiyezaa."

Alikuwa amezaa mumoja tu, Floribert, seremala wa misioni. Floribert alikuwa ameoa dada yangu mukubwa, Drocella, na walikuwa na kasichana kamoja, Valérie, ka miaka mbili. Mimi jina yangu Emérita. Mwaka ule, cinquante-trois, makumi tano na tatu, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa napenda sinema kuliko sala. Nasema wazi. Nimezeeka, sina tena muntu wa kuogopa.

Padri alikuwa na mashini ya sinema na filme tatu, basi. Zilikuwa filme za zamani, bila sauti, zenye kukwaruzika, zilishazeeka kwao mbele ya kufika kwetu. Sisi wenyewe tulizipa majina: Karamu, Ngazi, na Farasi wa Kipofu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, jua ikishazama, zote tatu zilipita ku kitambaa kilichopigwa misumari ku ukuta wa nyumba ya masomo. Kila mwezi ni zile zile, na kila mwezi tulijaa.

Usifikiri tulichoka. Kuna watu wanaangalia filme, na kuna watu wanaikula. Sisi tulikuwa wane wa kuikula: Floribert; Hubert fundi wa nguo, aliyekuwa analia kila mara farasi anapoanguka; Paul, mupasua-mbao aliyetoka Walikale, aliyebishana akisema Karamu ni filme ya wavivu, watu wanakula tu mpaka mwisho; na mimi. Jumapili kisha misa tulikaa chini ya paa ya nyumba ya masomo na kutegana maswali. Muulizaji anasema, "Filme inazunguka!" Wengine wanaitika, "Acha izunguke!" Halafu anauliza. Mu Ngazi, mwizi anapanda na viatu vya namna gani? Kipofu anamupiga farasi na mukono gani? Ukiuliza jambo ambalo hakuna anayeweza kulijibu, wewe njo Chef. Unakaa ku banki ya mbele, kile kiti kirefu kando ya mashini, mpaka muntu mwingine akushinde.

Floribert alikuwa Chef mwaka muzima. Mimi sikushinda hata mara moja. "Emérita anaangalia nguo tu," alikuwa anasema, na wale wengine wanacheka mpaka kushika tumbo. Ilikuwa inaniuma. Aye, ilikuwa inaniuma kweli.

Mwezi wa pili, panya wakakula kitambaa cha sinema. Padri akasema tungojee kingine kutoka Goma, pengine miezi mitano, pengine sita. Ile wiki, Mama Anastasie akakufa. Alikohoa siku tatu, ya ine akanyamaza.

Padri alikuwa mu safari ya vijiji. Floribert akafungua sanduku ya mama yake. Drocella alipiga magoti, alimushika miguu. "Papa Valérie, muachie mama nguo yake. Alikuomba na kinywa chake."

"Maiti haioni filme," Floribert akamujibu. Ni vile vile alivyosema. Akamufunga mama yake mu mukeka muzee wa kuanikia maharagi, ule wenye Drocella alikuwa ameshona kona yake na uzi wa bluu. Amerikani akaipelekea Padri akirudi, akasema ni sadaka ya familia. Padri akamushukuru mbele ya watu wote.

Dada yangu aliniambia hayo yote akilia. Nilimuambia anyamaze. Nilitaka sinema irudi, mimi pia.

Mwezi wa tatu, kitambaa kikapigwa misumari. Picha ilitokea safi kuliko zamani. Ikafika Karamu. Mu Karamu kuna meza ndefu, na watu saba wanakula. Saba. Nilikuwa nimewahesabu zaidi ya mara makumi mbili.

Siku ile nilihesabu nane.

Wa nane alikuwa mwisho wa meza, ametupa mugongo. Muzee mwanamuke. Mabega yake hayakuwa na nguo. Hakuwa anakula.

Unajua nilifikiri nini? Sikufikiri maiti. Nilifikiri: kumbe kitambaa cha kwanza kilikuwa kichafu, hatukumuona. Nimepata swali! Niliangalia wenzangu pembeni, kila muntu macho mbele, kimya. Nikafurahi. Nikasema nitalificha mpaka nijue sura yake, ili Floribert asipate pa kutokea.

Mwezi wa ine, alikuwa amegeuka nusu. Shavu lilikuwa limeingia ndani. Mukono mumoja ulikuwa unapapasa-papasa chini ya meza, kama muntu anatafuta kitu kilichoanguka. Nililala vibaya. Lakini nilinyamaza.

Mwezi wa tano akageuka yote.

Alikuwa na meno mbili. Nilimujua mara moja. Alikuwa ananiangalia mimi. Mu mapaja yake alipakata mutoto. Mutoto alikuwa na boné ya nyuzi ku kichwa, ya kufunika masikio juu ya baridi yetu ya Masisi, yenye kidonge cha uzi upande wa kushoto. Upande wa kuume hakikuwako. Mbuzi alikuwa amekikula mwezi wa kwanza, nikiwako.

Ilikuwa boné ya Valérie. Drocella aliifuma mbele ya macho yangu.

Sinema ikaisha. Watu wakatoka na mienge. Nyumba ya dada yangu ilikuwa njiani, niliona moto wake ukiwaka mu jiko. Nilisimama kidogo. Nikajiambia: ukimuambia leo, Floribert atajua, na kesho hautakuwa na swali. Nikajiambia pia: filme ni filme. Nikaenda kulala.

Kesho yake kisha misa tukakaa chini ya paa. Jua ilikuwa kali, watoto walikuwa wanacheza mupira wa majani ya migomba. Zamu yangu ikafika.

"Filme inazunguka!"

"Acha izunguke!"

"Mu Karamu, ku meza, ni watu wangapi hawakuli?"

Nilingojea wacheke. Hubert aliangalia chini. Paul aliacha kutafuna. Floribert akasema polepole, "Mumoja. Muzee wa mwisho wa meza. Ametupa mugongo."

"Kumbe na wewe ulimuona?" Hubert akanong'ona. "Mimi nilikuwa namuweka akiba. Nilitaka kukuuliza wewe."

"Hata mimi," Paul akasema. "Lakini kwangu amegeuka nusu."

Miezi tatu! Wote wane tulimuona, na kila muntu alimuficha mwenzake ili apate banki ya mbele. Floribert akaanza kutoka jasho. Hakumujua mama yake ku mugongo, ao alimujua akakataa, sijui. Ningeweza kuacha pale. Mungu anajua ningeweza. Lakini walikuwa wamenicheka mwaka muzima.

"Haijaisha," nikasema. "Mu mapaja yake kuna nini?"

"Hakuna kitu," Floribert akajibu.

"Hauwezi?"

"Hakuna kitu, nakuambia!"

"Umeshindwa, shemegi. Kuna mutoto. Na kwa sababu naangalia nguo tu, nakuambia hata nguo: boné ya nyuzi, kidonge kimoja upande wa kushoto. Mwenye kumupakata ana meno mbili."

Nilisema nikicheka. Nilikuwa Chef.

Paul akanishika mukono mpaka nikasikia mifupa. "Ulimuona mutoto siku gani?" akaniuliza chini chini.

"Jana."

"Na haukusema? Kwetu Walikale, muzee aliyekufa akionekana amepakata mutoto, wanamuita mutoto jina yake mara tatu mbele ya kulala. Anamuachilia. Muzee anamuachilia, unasikia? Lakini ni mbele ya mutoto kulala."

Floribert alikuwa ameshakimbia.

Tulimukuta dada yangu ku kiwanja, anakoroga bugali. Aliona tunavyohema, akacheka. "Munafukuzwa na nini? Musipige kelele, mutoto iko analala. Leo amelala sana."

Floribert akaingia ndani. Halafu akatoka, na alichobeba hakikuwa na sura ya mutoto. Kilikuwa kitu kilichokunjwa, kirefu, kimefungwa na kamba za migomba juu na chini.

Kilikuwa mukeka. Kona moja ilikuwa imeshonwa na uzi wa bluu. Udongo mwekundu wa chini ulikuwa bado unatona, mubichi.

Drocella alikata kamba na kisu cha bugali. Valérie alikuwa ndani, baridi, macho wazi, mikono imenyoshwa vizuri namna wanavyonyosha muntu mukubwa. Kichwa kilikuwa wazi. Boné haikuwako.

Tulienda ku kaburi ya Mama Anastasie tukikimbia. Majani yalikuwa yameota juu yake, hayakukanyagwa. Udongo haukuguswa na jembe. Mama Anastasie alikuwa amemurudishia Floribert mukeka, basi, na kuchukua kilichomustahili.

Floribert alitoa amerikani ku ukuta na meno ya nyundo, akaifukia juu ya kaburi ya mama yake, akilia na kuomba musamaha. Asubuhi tukaikuta juu ya majani, imekunjwa mara ine, kavu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alikuwa hataki tena.

Siku ya kuondoa matanga dada yangu aliniita nyuma ya nyumba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Filme inazunguka," akasema.

Kinywa kikaitika chenyewe, juu ya mazoea. "Acha izunguke."

"Toka pale uliposimama Jumamosi ukiangalia moto wangu, mpaka ku mulango wangu, ni hatua ngapi?"

Nilijua. Mimi najua kuhesabu vitu. "Kumi na ine," nikamujibu.

"Haujashindwa," Drocella akasema. Akaingia ndani. Aliishi miaka makumi tatu tena, hakuniambia neno lingine.

Kitambaa cha Goma kilifika mwezi wa munane. Padri akaweka Karamu. Watu walikuwa saba, tukaanza kupumua. Halafu Hubert akapiga kelele. Juu ya meza, kati ya mukate na chupa, kulikuwa boné ya nyuzi, kidonge kimoja upande wa kushoto. Padri mwenyewe alisimamisha mashini. Asubuhi akashika filme mbele ya dirisha: boné ilikuwa ndani ya picha, toka mwanzo wa karamu mpaka mwisho. Drocella akamuomba kipande. Alisema hana picha ingine ya mutoto wake. Padri akakata urefu wa kidole, akamupa, na Karamu haikuonekana tena Nyamitaba.

Dada yangu alipokufa, kile kipande kililetwa kwangu ndani ya kopo ya chumvi. Hakuna muntu aliyejua nani alisema niletewe. Ninakishika mbele ya dirisha kila mwaka, mvua ikikatika. Meza, watu saba, boné.

Mwaka huu boné haiko. Watu wameacha kula. Wote saba wameangalia upande mumoja, mwisho wa meza, na pale kuna kiti ambacho hakikuwako, kimevutwa nyuma kidogo, namna tunavyomuvutia mugeni. Juu ya kiti wameweka kitambaa cha kichwa, cha madoadoa, kimepasuka kona moja.

Nimekitafuta changu toka Jumatatu. Nilikuwa nimekianika hapa inje.